Usifute kabla ya kuhesabu: namna ya kuhamisha data za zamani



Wengi wetu leo tunashika hifadhidata za shule, hospitali ao maduka. Miaka inapita, jedwali la malipo linakuwa zito, ripoti zinachelewa, na mkubwa wa biro anasema: "Toa vya zamani, weka pembeni." Neno fupi, lakini mitego ni mingi. Ninaandika juu ya MySQL na PostgreSQL, njo ninazozitumia zaidi.

Tuchukue mfano wa chuo. Malipo yote ya minervali ya kabla ya tarehe 1 Januari 2016 yanapashwa kwenda katika jedwali la kumbukumbu.

Kwanza, andika tarehe yenyewe. Usiandike "leo, toa miaka kumi". Katika MySQL saa inasomwa upya kwa kila amri, basi amri ya kunakili na amri ya kufuta zinaweza kushika mistari tofauti.

Lakini tarehe peke yake haitoshi. Kama wakati unanakili, sekretari anaingiza risiti ya 2014 iliyosahaulika, amri ya kufuta inaweza kuiona na kuibeba, na nakala yake haipo popote. Kwa hiyo, sheria yangu ni moja: futa tu mstari ambao namba yake iko tayari ndani ya kumbukumbu.

Pili, kunakili na kufuta vikae ndani ya transaksio moja. Umeme ukikatika katikati, hifadhidata inarudi yenyewe pale ilipokuwa. Angalia: katika MySQL hiyo inafanya kazi kwa jedwali la InnoDB, haifanyi kwa MyISAM. Tena, amri ya CREATE TABLE katika MySQL inafunga transaksio bila kukuuliza. Tengeneza jedwali la kumbukumbu mbele, kisha anza kazi.

Tatu, kabla ya COMMIT, hesabu. Mistari mingapi imeingia, mingapi imetoka? Jumla ya franga ni ileile? Kama hazilingani, ROLLBACK, hakuna kilichoharibika. Fanya kidogo kidogo, mistari elfu moja kwa mara, ili watu wa kaunta wasikwame wakikungoja.

Nne, chunga ON DELETE CASCADE. Ukifuta mwanafunzi wa zamani katika jedwali la wanafunzi, malipo na pointi zake zinaweza kumfuata kimya kimya. Nakili kwanza majedwali yote yanayomtegemea.

Na kabla ya yote hayo, chukua nakala ya hifadhidata nzima, uijaribu kwenye ordinateri ingine. Nakala ambayo haijafunguliwa hata mara moja, usiitegemee.

Kwa nini taabu yote hii? Juu mstari mmoja ni mtu. Mwenzetu anarudi baada ya miaka kumi na mbili kuomba releve ya pointi, kazi inamungoja. Kama ripoti inasoma jedwali jipya tu, itasema hajalipa hata franga moja, na risiti yake ya karatasi ilishaoza zamani. Njo maana kazi haiishi siku ya kuhamisha: tengeneza mwono unaounganisha majedwali mawili kwa UNION ALL, na biro ya malipo itafute humo. Kumbukumbu ambayo haitafutiki, kwa yule mwenzetu ni sawa na iliyofutwa.