Je, Wajua? Nywele za Mwanamume Anayeacha Kunyoa

Je, wajua kwamba mwanamume anaweza kufika miaka 40 bila kuzijua nywele zake? Tangu utotoni amekuwa akikalia kiti cha kinyozi kila baada ya wiki chache, mashine inapita, basi. Siku akiamua kuziacha zikue, anashangaa: alizodhani zimenyooka zinajikunja, za utosini zinaota kivyake na za kisogoni kivyake. Wengi husema nywele zimebadilika. Mara nyingi hazijabadilika hata kidogo. Ndiyo kwanza zimepata urefu wa kujionyesha.

Piga hesabu uone. Unywele unaojikunja kwa duara lenye upana wa sentimita 2 unahitaji zaidi ya sentimita 6 ili kukamilisha mzunguko mmoja. Kijana wa Lamu au Mogadishu mwenye nywele za mawimbi, ambaye hunyoa kila zikifika sentimita 2, ataapa kwamba zake ni za singa, maana hajawahi kuona hata nusu ya duara hilo.

Nywele za kipilipili hazifichi msokoto wao, kwa kuwa duara lake ni la milimita chache tu. Zenyewe huficha urefu. Zikikauka hujikunja hata zaidi ya nusu ya urefu wake ikapotea machoni. Mwanamume anayelalamika kwamba nywele zake "hazikui" achomoe unywele mmoja, aulowanishe, aunyooshe juu ya rula. Ule uliosimama kichwani sentimita 4 huenda ukapita 8.

Sura ya unywele hupangwa chini ya ngozi, ndani ya kinyweleo. Kilichosimama wima, chenye tundu la mviringo, hutoa unywele ulionyooka. Kilichopinda hutoa unywele uliobapa kidogo unaojisokota ukiwa bado unatoka. Kwa hiyo wembe haufiki panapoamuliwa mambo. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani Mildred Trotter alichunguza wanaume wachache walionyoa ndevu chini ya uangalizi wake, wakitumia vifaa vilevile, akaona kunyoa hakuongezi unene wala kasi ya kuota. Tunayoyasikia vibarazani kwamba "ukinyoa sana zitakuwa ngumu" yanatokana na ncha. Unywele ambao haujakatwa huishia kwa ncha nyembamba; uliokatwa huishia butu, na ubutu huo ndio unaokwaruza kiganja.

Jambo linalobadilika kweli nywele zikirefuka ni umri wa unywele wenyewe, na hapa wanaume wengi hukosea. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, za kipilipili pungufu kidogo. Unywele wa sentimita 30 una ncha iliyotoka kichwani miaka miwili na nusu iliyopita, au zaidi. Ncha hiyo imepigwa na jua, imekunywa maji ya chumvi, imesuguliwa na kofia na foronya kila usiku. Magamba madogo yanayoufunika unywele yamelika, kama kola ya shati lililofuliwa miaka yote hiyo. Ndiyo sababu mzizi huwa laini na ncha ikawa kavu kwenye unywele uleule mmoja. Mwenye kunyoa kila mwezi hana habari hii, kwani kichwa chake hubeba nywele changa tu.

Mafuta ya asili yanayotoka ngozini huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka. Kwenye uliojisokota hukwama njiani, na ncha hazipati kitu. Anayefuga nywele za kipilipili inambidi azipelekee mafuta kwa mkono, akianzia nchani, zikiwa bado na unyevu. Watu wengi hupaka utosini na kuishia hapo. Wanalisha mahali palipokwisha kushiba. Katika desturi ya Wamaasai, morani ndiye anayefuga nywele ndefu huku wanawake wakinyoa. Morani huzisokota nyuzi nyembamba na kuzipaka mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu hadi nchani. Ni urembo na alama ya rika kabla ya yote, lakini kwa upande wa utunzaji huwezi kuikosoa kazi hiyo. Ikifika sherehe ya eunoto, mama yake humnyoa, na ujana wa kimorani ukaanza kufungwa.

Je, wajua kwamba nywele zisizokatwa maisha yote kwa kawaida hazifiki miguuni? Kila unywele una muhula wake: hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika takriban miezi mitatu, kisha hudondoka na mwingine kuota. Kichwa chenye nywele kama 100,000 hupoteza 50 hadi 100 kwa siku, na hiyo ni hali ya kawaida. Masingasinga wanaoshika dini yao hawakati nywele, na bado kila mmoja ana kikomo ambacho zake hazivuki.

Kwa mwenye dredi, nywele zinazodondoka haziendi popote. Hunaswa ndani ya msokoto pamoja na zinazoota, na dredi hunenepa na kukaza mwaka hadi mwaka. Hakuna dawa inayohitajika. Muda na kutochana vinatosha. Wapiganaji wa Mau Mau wa Kenya walikaa msituni kwa miaka, na kiongozi wao Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956 alikuwa na dredi zake. Sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 inazo pia.

Wanaodharau nywele za kipilipili wanastahili kulijua hili. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Tina Lasisi walichapisha matokeo ya jaribio la kichwa bandia chenye joto la mwili, kilichovishwa mawigi ya nywele za binadamu na kuangaziwa taa kali mfano wa jua. Kila aina ya nywele ilipunguza joto lililofika kichwani, lakini zilizojisokota sana zilishinda zote. Jua lilipokelewa mbali na ngozi, na haja ya kutoa jasho ikapungua kuliko kwa nyingine zote. Kwa kiumbe anayetembea mchana kutwa kwenye nyika zetu, hiyo ni kinga ya ubongo.

Lakini si kila badiliko ni la urefu. Kinyweleo chenyewe hubadilika wakati wa balehe. Baada ya matibabu ya saratani, mtu aliyekuwa na nywele za kunyooka anaweza kuotesha za mawimbi. Na nywele za utosini zikizidi kuwa nyembamba na laini huku za kisogoni zikibaki vilevile, huo huenda ni upara unaoanza: homoni za kiume hudhoofisha vinyweleo vya utosi na paji kwa waliorithi hali hiyo. Kadiri dalili inavyoonekana mapema, ndivyo matibabu yanavyofaa zaidi.

Ndugu msomaji unayefuga nywele, la kuogopa zaidi kuliko ukavu ni mvuto. Ukitoka kusukwa na paji limekaza, kichwa kinauma, au vipele vimejitokeza kando ya masikio, rudi kwa msusi afumue siku hiyohiyo na asuke upya kwa kulegeza. Nywele zilizong'olewa na mvuto hurudi zikiwahiwa. Zikivutwa miaka mingi, kinyweleo huziba kwa kovu, na hapo hazioti tena.