Kuitembelea Vietnam kwa Fedha Kidogo

Katika mdahalo wetu wa Jumamosi ilitolewa hoja ya kuwa safari za nchi za mbali ni anasa ya matajiri, na kwamba mwenye fedha kidogo ni heri akae kwao. Hoja ilipita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na kwa kuwa kengele ya chakula ilitukatiza maneno, namwomba Mhariri anipe nafasi nieleze habari za Vietnam, nchi ambayo, kwa maoni yangu, maskini huiona vizuri kuliko tajiri. Sijafika huko, haya nimeyakusanya katika maktaba na kwa mwalimu wetu wa Jiografia.

Ukweli usifichwe: nauli ya ndege ni kubwa, wala hakuna ujanja wa kuikwepa. Viza si taabu sana, kwani tangu Agosti 2023 watu wa nchi zote waweza kuiomba kwa intaneti, na hudumu hadi siku 90. Lakini mgeni akiisha kutua, chakula, malazi na usafiri ni rahisi.

Vietnam ni nchi ndefu na nyembamba, iliyopinda kando ya bahari mfano wa herufi S. Mji mkuu, Hanoi, uko kaskazini. Kusini uko Ho Chi Minh City, ambao wengi wangali wakiuita Saigon. Miji hiyo miwili imeungwa na reli ya kilomita 1,726, nayo, naona mimi, ndiyo tunu ya kwanza ya msafiri asiye na fedha. Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi waliimaliza mwaka 1936. Baadaye nchi iligawanyika, vita vikavunja madaraja, na garimoshi halikuweza tena kufika mwisho hadi mwisho mpaka tarehe 31 Desemba 1976, mwaka mmoja na nusu baada ya vita kwisha. Upana wa reli hiyo ni meta moja, sawasawa na ile Reli ya Kati ya zamani ya kwetu.

Safari nzima hupita saa thelathini. Katika behewa la vitanda vya bei nafuu, chumba kimoja hulaza watu sita, watatu kila upande, na kitanda cha juu kabisa ndicho rahisi kuliko vyote. (Wafupi kama mimi wana bahati hapo.) Mchana wote hushuka wakakaa pamoja kitanda cha chini. Atokaye Hanoi achague dirisha la kushoto, maana bahari iko upande huo. Kati ya miji ya Hue na Da Nang garimoshi hupanda polepole ubavuni mwa milima ya Hai Van, likipinda na kuingia mapangoni, na mawimbi yakionekana chini kabisa. Aliyepanda ndege hupita juu ya mawingu asione hata kimoja cha hivyo.

Chakula ni barabarani. Asubuhi watu huketi juu ya vigoda vya plastiki, vifupi kama vya jikoni kwetu, wakinywa pho, yaani mchuzi wa moto wenye tambi za mchele, majani mabichi na nyama ya ng'ombe au kuku. Ndugu zetu Waislamu sharti waulize kwanza, kwani nguruwe hutumika sana. Watafute ubao ulioandikwa "chay", ndiyo migahawa ya wasiokula nyama. Kahawa nayo isikose. Vietnam ni ya pili duniani kwa kutoa kahawa, nyuma ya Brazili, na sehemu kubwa ni robusta, jamii ya ile ya Bukoba. Huichuja polepole juu ya maziwa mazito ya kopo, desturi iliyoanza zamani za Wafaransa, maziwa mabichi yalipokuwa adimu.

Hanoi yenyewe hutembelewa kwa miguu. Alfajiri wazee kwa vijana hufanya mazoezi kandokando ya ziwa Hoan Kiem, bila kiingilio. Kuvuka barabara ni somo peke yake: pikipiki ni nyingi ajabu, wala hazisimami. Mtu huvuka kwa mwendo mmoja, polepole, asikimbie wala asirudi nyuma, nazo humzunguka kama maji yazungukavyo jiwe.

Kwa kiingilio kidogo ataingia Hekalu la Fasihi, lililojengwa mwaka 1070. Humo mna mawe 82 yaliyosimamishwa juu ya migongo ya kobe wa mawe, yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya mfalme kati ya 1442 na 1779. Wanafunzi wa huko, wakikaribia mtihani, walikuwa wakienda kuwapapasa kobe vichwa ili wapate bahati, hata vichwa vikaanza kulika, ikabidi wazungushiwe uzio. Kidato cha Nne tutawaelewa.

Sasa neno la bei. Sokoni watu hupatana, na mgeni hutajiwa bei ya juu. Apatane kwa uso mkunjufu, lakini asikamue mpaka tone la mwisho ati kwa sababu yeye ni msafiri maskini. Aliyeweza kulipa nauli ya ndege si maskini mbele ya mama auzaye matunda. Sisi wa mikoa ya kusini twajua uchungu wa bei kupangwa na mnunuzi. Tena korosho ghafi nyingi za Mtwara na Lindi hupelekwa Vietnam kubanguliwa, hivi kwamba pakiti atakayoinunua Saigon yaweza kuwa imetoka shambani kwa baba yake. Aangalie noti pia: ile ya dong 20,000 na ile ya dong 500,000 zote ni za buluu, na gizani ni rahisi kuzichanganya.

Miezi ya Oktoba na Novemba mafuriko hupiga sana nchi ya kati. Na Mwaka Mpya wao, Tet, ambao huangukia Januari au Februari, kila mtu hurudi kwao. Maduka hufungwa, na tiketi za garimoshi huisha mapema mno.

Mwanafunzi, Kidato cha IV