Mafuta Yaliyomo Katika Bei ya Umeme

Mmetuuliza mbona bei ya umeme hupanda na posho mill ni ile ile. Tutazame Muhoroni. Mwaka 2016 KenGen walihamishia huko mtambo wa gesi kutoka Embakasi, Nairobi, maana umeme huku magharibi ulikuwa haba. Jina lisiwadanganye: mtambo huo ni wa kuchoma mafuta ya taa, kama yale ya koroboi! Hewa hushindiliwa, mafuta huwaka ndani yake, na hewa hiyo moto huzungusha mapanga yanayoendesha jenereta. Maji ya Sondu Miriu hayanunuliwi. Mafuta hununuliwa, nasi wateja ndio tunalipa. Ada ya mafuta kwa kila uniti hutangazwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mweka hazina aiulizie kabla hamjapanga bei ya kusaga gorogoro.