Mtandao Usiohitaji Bando

Katika chumba changu cha mafunzo hapa Utemini, mjini Singida, mwanafunzi mgeni huanza na swali moja: "Fundi, bando lipo?" Namwambia leo halihitajiki. Kompyuta sita zilizo mbele yake zinasoma Wikipedia ya Kiswahili na video za hesabu kutoka kwenye mashine iliyo chini ya dirisha. Hiyo ndiyo seva: kompyuta ya mezani ya mtumba, niliyoiongezea diski kubwa na kuiwekea Kiwix na Kolibri, programu mbili za bure.

Tumezoea kudhani mtandao ni intaneti. Kumbe ruta, swichi na waya vinatosha kuunganisha chumba kizima. Ndani ya waya mna nyuzi nane. Zipange kwa mfuatano uleule wa rangi ncha zote mbili, kisha ubane plagi kwa koleo lake. Waya usizidi mita 100.

Kichwa huuma kwenye anwani. Kila kompyuta lazima iwe na namba yake, mfano 192.168.1.20. Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa mitandao ya ndani, ndiyo maana ofisi yako na duka la jirani zinaweza kutumia zilezile bila kugongana. Ruta hugawa namba hizo yenyewe, na kwa kompyuta za wanafunzi inafaa sana. Kwa seva, hapana! Mwanzoni niliiacha nayo igawiwe. Jioni moja umeme ukakatika. Uliporudi, seva ikapata namba nyingine, na kompyuta zote zikabaki kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilibadilisha waya na plagi mpaka saa nane usiku. Asubuhi nikaandika amri ya "ping" na ile anwani ya zamani: kimya. Ndipo nikawasha skrini ya seva yenyewe nikaiona namba mpya.

Siku hiyohiyo niliipa seva namba ya kudumu, nje ya fungu ambalo ruta hugawa, nikaiandika kwa kalamu nene ukutani.

Juzi binti wa kidato cha pili aliisoma pale, akatoa simu ya dada yake isiyo na laini, akajiunga na Wi-Fi ya ruta na kuichapa namba ile. Somo la usanisinuru likafunguka. Akaenda kukaa nalo kibarazani, kwenye upepo.