Msema kweli hana wajoli: kisa cha mchoraji Sharaku

Wahenga walisema msema kweli hana wajoli. Leo twende Japani, kwa mchoraji aliyefikwa na hayo.

Mwaka 1794 watu wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, walikuwa na mapenzi makubwa na kabuki, michezo ya kuigiza yenye muziki, ngoma na nyuso zilizopakwa rangi. Mashabiki walinunua picha za waigizaji wao kama vijana wetu wanavyobandika ukutani picha za wachezaji mpira.

Picha moja ilipita mikono mingi. Mchoraji alichora kwa wino, fundi akabandika karatasi ile juu ya ubao wa mcheri na kuuchonga, kisha mpiga chapa akapaka rangi na kugandamiza karatasi mpya. Kila rangi ilihitaji ubao wake. Gharama na mauzo yalikuwa ya mchapishaji.

Tsutaya Jūzaburō alikuwa mchapishaji aliyenyang'anywa na serikali nusu ya mali yake mwaka 1791, kwa sababu ya vitabu alivyotoa. Miaka mitatu baadaye alijitosa na mchoraji asiyejulikana, Tōshūsai Sharaku. Walianza na picha 28 za kichwa na kifua, nyuma yake kukiwa na unga wa ulanga unaometameta.

Iliyo mashuhuri zaidi ni ya Ōtani Oniji wa Tatu akiigiza Edobei, mtumishi anayejiandaa kupora fedha: kidevu mbele, macho makali, vidole vimetanuka kifuani.

Wachoraji wengine waliwapamba waigizaji. Sharaku alionesha pua ndefu na mikunjo. Kwa kuwa wanawake walipigwa marufuku jukwaani tangu 1629, wanaume ndio walioigiza wanawake, naye aliacha taya za kiume zionekane chini ya mavazi ya kike.

Mwandishi wa zama hizo, Ōta Nanpo, alieleza kuwa Sharaku alizidi kufuata uhalisi, ndiyo maana hakudumu. Baada ya miezi kama kumi na picha zaidi ya 140, mapema 1795, akatoweka. Sifa yake ilipanda sana baada ya Mjerumani Julius Kurth kuandika kitabu juu yake mwaka 1910. Leo makumbusho makubwa yanazitunza picha zile.

Tusiwacheke watu wa Edo. Nasi tukiletewa picha za harusi, wa kwanza kulaumiwa ni mpiga picha aliyetuonesha tulivyo.