Kifurushi cha thamani: ulinzi uanzie dukani, usisubiri polisi

WAFANYABIASHARA wa Nyamigogo na maeneo mengine ya Biharamulo na Ngara wanaoagiza simu, vipuri vya pikipiki au vifaa vya sola kutoka Kariakoo hukabiliwa na swali lile lile kila wanapoagiza: mzigo mdogo wenye thamani kubwa usafirishwe vipi hadi ufike salama? Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200. Katika umbali huo, sanduku linaloweza kubebwa kwapani hupita mikononi mwa watu kadhaa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, suala hili ni la kufa na kupona. Tuseme mfanyabiashara ameagiza simu za Sh 4,000,000 na faida yake ni asilimia 8, yaani Sh 320,000. Kifurushi kimoja kikipotea, atahitaji faida ya vifurushi vingine 12 na nusu ili arudi alipokuwa. Kama anaagiza mara moja kwa mwezi, huo ni mwaka mzima wa kufanya kazi bila kupata kitu.

Barabara yenye historia

Njia ya Lusahunga hadi Rusumo ina kumbukumbu ngumu. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na wengi walipiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Miaka iliyofuata ilishuhudia silaha zikizagaa na magari yakitekwa, hata mabasi yakawa yanapita katika misitu ya Biharamulo na Ngara yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Septemba 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, ikiwalenga majambazi na wahamiaji haramu.

Historia hiyo imewafanya wafanyabiashara wengi waamini kuwa adui wa mzigo ni jambazi wa porini tu. Imani hiyo ina hatari yake. Msafara wa askari hulinda gari zima, lakini haumzuii mtu asichomoe simu tatu ndani ya sanduku lililofungwa kwa gundi ya karatasi.

Mahali mali inapopotelea

Kifurushi huwa hatarini zaidi kinapobadilisha mikono kuliko gari linapokuwa mwendoni. Makabidhiano ya kwanza ni kwa wakala wa basi kituoni, ambako mizigo hurundikana. Ya pili ni wakati wa kupakia. Ya tatu ni pale mzigo unaposhushwa njiani, kwa mfano Nyakanazi au Lusahunga, ili upelekwe kwa gari dogo au bodaboda. Ya mwisho ni kwa mpokeaji. Mara nyingi hapo mtu hutaja jina na namba ya simu tu, akapewa mzigo na kuondoka.

Aidha, marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyodumu kwa takriban miaka 30, iliondolewa mwaka 2023. Hatua hiyo imeongeza kasi ya biashara, lakini maana yake nyingine ni kwamba mzigo unaweza kushushwa saa 9 usiku wakati mwenyewe amelala na ofisi imefungwa. Mtumaji anapaswa kuuliza saa ya kufika kabla ya kuuliza nauli.

Somo kutoka kwa malori

Mfano mzuri wa kuzuia hasara kabla haijatokea unapatikana kwenye barabara hiyo hiyo. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hutumia lakiri za kielektroniki kwa mizigo inayopita nchini kwenda nchi jirani. Lakiri hutuma taarifa za mahali gari lilipo. Ikifunguliwa, au gari likiacha njia iliyopangwa, kituo cha uangalizi hupata ishara. Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mfumo wa pamoja wa namna hiyo mwaka 2017.

Faida yake kubwa ni kwamba tatizo hujulikana likiwa bado dogo. Lori lililosimama mahali pasipotarajiwa hufuatiliwa siku hiyo hiyo, badala ya kusubiri mwenye mali alalamike wiki mbili baadaye.

Mfanyabiashara wa Nyamigogo hawezi kununua lakiri hiyo kwa sanduku moja, lakini kanuni yake anaweza kuitumia kwa gharama ndogo:

1. Mzigo upigwe picha kabla ya kufungwa, upimwe uzito, na uzito uandikwe kwenye stakabadhi. Upimwe tena unapofika. Tofauti ya uzito huonyesha wizi hata kama sanduku linaonekana zima.

2. Sanduku lifungwe kwa lakiri ya plastiki yenye namba. Namba hiyo itumwe kwa mpokeaji peke yake, na isiandikwe juu ya sanduku.

3. Nje ya sanduku pasiandikwe aina ya bidhaa wala jina la duka la simu. Lakini kwenye stakabadhi ukweli uandikwe.

4. Yapangwe mapema maeneo matatu au manne ya kupiga simu. Mzigo usipoonekana saa iliyokubaliwa, mtumaji aanze kufuatilia saa hiyo hiyo.

5. Mpokeaji aonyeshe kitambulisho na ataje namba ya siri, kisha afungue sanduku mbele ya wakala kabla ya kutia sahihi.

Wanaotumia EMS ya Shirika la Posta hupata namba ya herufi na tarakimu 13, inayoishia na TZ, ambayo huonyesha mzigo umepokelewa wapi na lini. Namba hiyo haina faida kama hakuna anayeiangalia.

Thamani na fidia

Kosa linalowagharimu wengi ni kutangaza thamani ndogo ili kupunguza ada. Mzigo wa Sh 4,000,000 ukiandikwa "vipuri, Sh 200,000", mwenye mali hana msingi wa kudai zaidi ya hizo 200,000. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla ya kutuma, ni busara kuuliza kama msafirishaji ana leseni ya kubeba vifurushi kutoka TCRA, na kusoma kiwango cha fidia nyuma ya stakabadhi. Kikiwa kidogo, bima ya mizigo safarini ifikiriwe. Hesabu yake ni rahisi: anayepoteza kifurushi 1 kati ya 100 vya Sh 4,000,000 anapata hasara ya wastani wa Sh 40,000 kwa kila kifurushi. Ulinzi wowote unaozuia hasara hiyo kwa gharama ya chini ya Sh 40,000 unajilipa. Mwenye mtaji wa kifurushi kimoja tu ana sababu ya kulipa hata zaidi kidogo, kwa kuwa hasara yake haiji kwa wastani. Huja yote kwa mkupuo, na duka hufungwa.

Fedha taslimu na dhahabu zisiwekwe kabisa kwenye vifurushi vya kawaida. Dhahabu ina masoko yake rasmi ya madini, yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019, na fedha zina benki na simu.