Kijana, bisha hodi kwa jirani kabla ya kupanda miti mpakani

Umerudi ushago na miche yako ya mikaratusi, hesabu iko tayari kichwani: miaka michache tu, nguzo zinauzwa, pesa mfukoni. Shamba ni dogo, kwa hivyo unaona ni heri miti ikae mpakani. Ngoja kwanza.

Mkaratusi hunywa maji mengi. Mizizi yake haijui shamba lako linaishia wapi, na kivuli chake huangukia mahindi ya jirani. Katika kaunti kama Vihiga na Kisii, ambako familia nyingi hutegemea vipande vidogo vya ardhi, mistari mitatu ya mahindi yaliyodumaa ni chakula cha watoto kilichopotea. Usidhani utayamaliza kwa kuukata: kisiki chake huchipuka tena, na ugomvi nao vivyo hivyo.

Ujue pia mpaka wako. Mashamba mengi nchini yalisajiliwa bila kupimwa kila futi. Ua uliopo ndio alama. Ukiung'oa kiholela ili upande miti yako, umeharibu alama ya mpaka, na hilo ni kosa kisheria.

Je, kama wewe ndiye unayeumia? Weka panga chini. Kukata miti ya mwenyewe au kuimwagia sumu usiku kunaweza kukufikisha kortini kwa kuharibu mali. Anza kwa kuongea naye. Ikishindikana, waone wazee wa kijiji, kisha chifu. Hata Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi. Mkibishania mpaka unapopita, nendeni kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hairuhusu korti kusikiliza kesi ya aina hiyo kabla mpaka haujabainishwa.

Hakuna anayekukataza kupanda. Kanuni za 2009 zilimtaka mkulima awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya shamba lake. Lakini ingia ndani hatua kadhaa, au uchague mgrevilea na uupogoe kila mara. Zaidi ya yote, mwite jirani aone mashimo kabla hujapanda.

Samaki mkunje angali mbichi. Mche unang'oka kwa mkono mmoja. Mti wa miaka kumi huenda ukahitaji wakili.